Aliye Juu Mngoje Chini: Kanuni ya Kuanguka katika Kisa cha Fumo Liyongo

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tendi za Kiswahili, Fumo Liyongo huwekwa bila mabishano katika kundi la mashujaa wasiodhurika. Hoja yenyewe hutolewa kwa ufupi: silaha hazimwui, siri ya kifo chake ni sindano ya shaba akichomwa nayo kitovuni, na siri hiyo inapofichuka kwa mwanawe ndipo anapouawa. Kwa maelezo hayo, mkasa wa mkoma, ambamo maadui zake wanapanga kumpandisha mtini ili wamfume mishale akiwa juu, huonekana kuwa kituko cha kuchekesha tu, kilichotiwa njiani ili kuichelewesha hadhira kabla haijafika kwenye sindano.

Makala hii inaupinga usomaji huo. Inakusudia kuonyesha kwamba mkasa wa mkoma una uzito sawa na ule wa sindano, kwa sababu unazusha swali ambalo siri ya sindano hailijibu: je, shujaa ambaye silaha haimwui, akianguka kutoka juu ataumia? Tutadai kwamba mapokeo ya Liyongo yana kanuni yake kuhusu kuanguka. Kwamba kanuni hiyo haikutungwa kwa kupima urefu wa mti bali kwa kupima uhusiano wa shujaa na watu wanaomzunguka. Na kwamba ndiyo inayouunganisha mkasa wa mkoma na tukio la kisimani, mahali ambapo Liyongo anaanguka kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Ili kulifafanua swali hilo tutaazima chombo kutoka mahali ambapo wahakiki wetu hawajazoea kwenda, nako ni katika michezo ya mezani ya uigaji wa wahusika iliyoanza Marekani katika miaka ya 1970. Hatuazimi kwa kupenda mambo mageni. Michezo hiyo ni aina ya utambaji unaofanywa na watu kadhaa kwa pamoja, na imelazimika kuandika kwa tarakimu jambo ambalo fanani wetu huliacha kimya: shujaa akianguka kutoka futi 50, anapungukiwa na nini? Mabishano ambayo wachezaji wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka arubaini juu ya jambo hilo yanatuonyesha kwamba swali la kuanguka, popote linapozuka, huwa ni swali juu ya maana ya ushujaa wenyewe.

2.0 Mahali na historia ya matini

Kisa cha Liyongo ni cha nchi ya mto. Barabara itokayo Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana penye mji wa Garsen, kisha huendelea hadi Witu. Na kutoka Garsen mto wenyewe hutambaa katika tambarare ya mafuriko hadi bahari ya Hindi upande wa Kipini. Katika eneo hilo la mlango wa mto na pwani yake ndimo zilimo Ozi, Shaka na magofu ya Ungwana ambayo James Kirkman aliyachimba na kuyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Masimulizi ya wenyeji huonyesha kaburi la Liyongo Ozi. Juu ya wakati alioishi, watafiti wametofautiana kwa karne kadhaa. Ibrahim Noor Shariff aliyachambua mabishano hayo kwa kina katika makala yake ya mwaka 1991. Kwa madhumuni yetu yatosha kusema kwamba kisa hiki kimekaa muda mrefu miongoni mwa watu wanaoishi na kufanya kazi katika nchi hiyo: Wapokomo wakulima wa kingo za mto, Waorma wafugaji ambao maandishi ya zamani yaliwaita Wagalla, Waswahili wa miji ya pwani, na jamii za wawindaji, Wasanye na Wadahalo, ambao lugha ya hao wa mwisho ni ya Kikushi na imehifadhi sauti za kidoko hadi leo.

Matini mbili ndizo zilizojenga msingi wa uhakiki. Ya kwanza ni hadithi ya nathari iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi alizozipata Unguja. Ya pili ni utendi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mchonga milango, mwandishi wa hati za Kiarabu na mtunzi, ambaye aliwasaidia wataalamu wengi wa Ulaya waliokuja kuitafiti lugha. Alice Werner aliujadili utendi huo katika miaka ya 1920, Lyndon Harries akauingiza katika kitabu chake cha mwaka 1962, na M. M. Mulokozi akauhariri upya katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Joseph Mbele, katika makala ya mwaka 1986, aliuliza ni nani hasa shujaa wa kisa hiki, na akawarudisha wahakiki kuwatazama wahusika wengine, hasa mama yake Liyongo na kijakazi Saada. Tangu hapo haiwezekani tena kumsoma Liyongo kama mtu mmoja mwenye nguvu aliyesimama peke yake. Makala hii inaifuata njia hiyo, lakini inawatazama wale ambao hata Mbele hakuwatazama sana: watu waliosimama chini ya mti.

3.0 Kikoa chini ya mkoma

Kwa mujibu wa utendi, mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na kuona kwamba atakuja kuutwaa ufalme wake. Liyongo anapokimbilia bara, mfalme anawaendea Wasanye na Wadahalo na kuwaahidi reale mia wakimletea kichwa chake. Wawindaji hao wanajua kwamba hawawezi kumkabili uso kwa uso. Wanachagua njia nyingine: wanafanya naye urafiki, wanakula naye kikoa, na mwishowe wanapendekeza kikoa cha makoma. Kila mtu kwa zamu yake atapanda mkoma na kuwaangulia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, naye akiwa juu ya mti mikono yake imeushika mti, wao watakuwa chini na mishale yao.

Inafaa tusimame kidogo hapa, kwa kuwa maneno mawili yanahitaji maelezo. Kikoa ni ushirika wa kula kwa zamu: leo huyu ndiye mwenye kuwalisha wenzake, kesho yule. Hakilingani na bia, ambayo ni mchango unaotolewa na wote kwa wakati mmoja. Katika bia mtu aweza kutoa zaidi kwa sababu ana zaidi; katika kikoa kila mtu ana zamu moja, na zamu ya mfalme ni sawa na zamu ya mwindaji. Kikoa, basi, ni kanuni inayosimamisha vyeo kwa muda. Ndani yake mtu mkubwa hawezi kusema kwamba kazi fulani haimfai, maana akisema hivyo amejitoa katika ushirika.

Neno la pili ni mkoma. Huu ni mti wa jamii ya mnazi, wenye shina lililogawanyika matawi, ambao umejaa katika tambarare za Tana na nyuma ya pwani. Majani yake husukwa mikeka na vikapu, na matunda yake huliwa. Mti mzima waweza kufikia mita 15 na zaidi. Kuupanda ni kazi, tena ni kazi ya mtu wa chini. Wakwezi wa minazi na wapanda mikoma ni watu wanaolipwa kwa kuhatarisha miili yao, na watu wa pwani wanaijua hatari hiyo bila kuhitaji kuelezwa. Mwili unaoanguka kutoka mita 15 hufika ardhini ukiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Tukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, hila ya Wasanye na Wadahalo inajitokeza kuwa ya kisiasa kabla ya kuwa ya kijeshi. Wamepata kanuni ambayo kwayo mtoto wa mfalme anaweza kupandishwa mtini kama mkwezi yeyote, bila kulazimishwa na bila kuvunjiwa heshima. Methali isemayo aliye juu mngoje chini kwa kawaida huelezwa kuwa ni nasaha ya subira kwa wanyonge. Hapa imegeuzwa kuwa mbinu ya vita: kwanza mfanye awe juu, kisha mngoje chini.

Jawabu la Liyongo linajulikana. Zamu yake inapofika, mbele ya mkoma mrefu, hapandi. Anatoa mshale podoni na kuyafuma makoma mpaka yanaanguka chini na kuwatosha wenzake. Njama inavunjika, na wawindaji wanampelekea mfalme habari kwamba mtu huyu hawamwezi.

Wahakiki huusoma ushindi huo kama uthibitisho wa ustadi wa Liyongo wa kutumia upinde. Ni kweli, lakini haitoshi. Tatizo ni hili: ikiwa Liyongo hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba, mishale ya wawindaji ingemfanya nini? Mtu aweza kujibu kwamba wawindaji hawakuijua siri, na kwamba hadhira nayo haijaambiwa, kwa kuwa katika mpangilio wa utendi siri inatajwa baadaye, mtoto anapomhoji baba yake. Jibu hilo linaeleza ujinga wa wawindaji. Halielezi tahadhari ya Liyongo, ambaye siri ilikuwa yake. Angeweza kupanda, akafumwa, akacheka, akashuka. Kwa nini hakupanda?

4.0 Kuanguka kwa dadu

Hapo ndipo tunapohitaji ule mfano wa kigeni. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu hukaa mezani, kila mmoja akijitwalia mhusika, na mmoja wao akiwa msimulizi na mwamuzi. Hakuna ubao wa lazima na hakuna mshindi. Kinachotokea ni hadithi, na dadu hutumiwa pale ambapo matokeo hayana hakika. Kila mhusika ana hesabu ya alama za uhai. Akipigwa upanga, alama hupungua, zikiisha, hufa. Mtu wa kawaida ana alama chache, pengine nne au tano. Shujaa mpiganaji aliyepanda hadi daraja ya tisa, kwa kanuni za toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970, huwa na wastani wa alama zinazokaribia 50.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliweka kanuni rahisi ya kuanguka: kwa kila futi 10, dadu moja ya pande sita, na mwisho wa hesabu ni dadu 20. Tuupeleke mkoma wetu wa mita 15, yaani takribani futi 50, mbele ya kanuni hiyo. Anayeanguka atapungukiwa na dadu tano: wastani ni alama 17 na nusu, na zikitoka vibaya kabisa ni 30. Mtu wa kawaida afa. Shujaa wa daraja ya tisa anainuka, anajipangusa vumbi, na kuendelea na safari, hata kama dadu zote zimemkataa.

Wachezaji wengi hawakuridhika. Walisema kwamba shujaa anayejua kuwa genge halitamwua huruka kutoka gengeni kama mtu anayeshuka kitandani, na hadithi hupoteza hofu yake. Hivyo kila meza ikajitungia kanuni zake, ambazo tunaweza kuziita kanuni za barazani, kwa mfano wa karata na bao, ambamo kila baraza hucheza kwa desturi yake na mgeni huuliza kwanza kabla ya kuketi. Mwaka 1983 jarida la Dragon lilichapisha maelezo ya Frank Mentzer kwamba kusudi la Gygax lilikuwa madhara yaongezeke kwa kujumlishwa: dadu moja kwa futi 10 za kwanza, mbili zaidi kwa futi 10 za pili, tatu kwa zinazofuata, na kuendelea. Kwa hesabu hiyo mkoma wetu una dadu 15, na wastani wake ni alama 52 na nusu. Shujaa yuleyule sasa, kwa uwezekano mkubwa, hainuki tena. Mwaka 1984 jarida hilohilo likachapisha hoja za kifizikia zilizopingana: mmoja akishikilia mwendo wa mwili unaoanguka, mwingine akishikilia nishati yake, ambayo huongezeka sambamba na urefu na hivyo kuiunga mkono kanuni ya zamani. Baadhi ya matoleo ya baadaye, likiwemo la mwaka 2014, yalibaki na dadu moja kwa kila futi 10 na ukomo wa 20. Mezani mabishano hayakwisha.

Hayakwisha kwa sababu hayakuwa ya fizikia. Katika kitabu cha waamuzi cha mwaka 1979 Gygax mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba alama nyingi za shujaa si nyama wala mifupa. Sehemu kubwa ni ustadi wa kukwepa, bahati, na ulinzi wa nguvu zisizoonekana. Upanga ukimpunguzia shujaa alama kumi, maana yake si kwamba amekatwa mara kumi zaidi ya mtu wa kawaida, bali kwamba amekwepa na kuchoka. Maelezo hayo yanaufaa upanga. Hayaifai ardhi. Mtu aweza kuukwepa upanga. Hawezi kuikwepa ardhi akishaachia mti. Kwa hiyo kuanguka ndipo mahali ambapo mchezo ulilazimika kukiri mojawapo kati ya mambo mawili: ama shujaa ana mwili kama wetu, na cheo chake hakimfai kitu hewani, ama shujaa si mtu wa kawaida hata kidogo, na dunia yenyewe humpisha. Anayechagua kanuni ya kwanza anataka hadithi ya binadamu hodari. Anayechagua ya pili anataka hadithi ya nusu-mungu. Dadu zimetumika kuuficha uchaguzi wa kifasihi.

5.0 Kanuni ya Liyongo

Tukirudi chini ya mkoma, sasa tunaweza kuuliza swali letu kwa namna iliyo bora. Mapokeo ya Liyongo yamechagua lipi?

Kwanza, kinga ya Liyongo katika matini imetajwa kwa upande wa silaha. Jibu lake kwa mwanawe linahusu kitu kinachoweza kuushika mwili wake, nacho ni kitu cha kuchoma. Juu ya kimo, maji au moto utendi hausemi neno. Ukimya huo si kosa la mtunzi. Katika fasihi simulizi kinga ya shujaa huwa na mipaka inayotajwa kwa jina, na lisilotajwa hubaki katika sheria ya wanadamu wote. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Liyongo akianguka ameanguka.

Pili, mwenendo wake unakubaliana na usomaji huo. Liyongo wa gerezani, aliyekatia minyororo yake kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate huku ngoma ya gungu ikipigwa ili kuufunika mlio wake, si mtu anayeutegemea mwili usiodhurika. Ni mtu anayehesabu. Minyororo ilimshika, naye akaikata. Hakuivunja kwa pumzi. Mtu wa namna hiyo akipelekwa chini ya mti mrefu na kundi la watu wenye pinde, huitazama ardhi kabla ya kuitazama mishale. Mshale usingemwua. Ungemfanya aachie mti.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Liyongo haivunji kanuni ya kikoa. Angeweza kukataa kwa kutumia cheo chake, na hapo angekuwa amejitoa katika ushirika na kuwapa wawindaji sababu ya uadui. Badala yake anaisoma kanuni kwa makini kuliko walioitunga. Kikoa kinamdai makoma, hakimdai kupanda. Wajibu wa zamu ni kulisha wenzake, na anawalisha. Namna ya kuyapata matunda ilikuwa desturi tu, nayo desturi ameibadilisha papo hapo mbele ya macho ya wote, wala hapana aliyeweza kumlaumu. Mchezaji yeyote wa bao au karata anaitambua hatua hiyo: ni hatua ya mtu anayeshinda kwa maandishi ya kanuni dhidi ya mazoea ya baraza.

Lugha yenyewe inaishuhudia maana hii. Kiswahili kimeyatoa maneno kuangua na kuanguka katika mzizi mmoja. Anayeangua hulitenganisha tunda na mti kwa hiari yake. Kinachoanguka kimetenganishwa pasipo hiari. Mpanda mkoma yupo katikati ya vitenzi hivyo viwili: amepanda ili aangue, na wakati wowote aweza kuanguka. Hila ya wawindaji ilikuwa kumgeuza Liyongo kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili. Kwa mshale wake Liyongo anabaki na cha kwanza, na cha pili anawaachia makoma.

Hata hivyo, uhakiki wa haki haufai kuishia kwenye shangwe. Kwa kubaki chini, Liyongo pia amekirudisha cheo ambacho kikoa kilikisimamisha. Wenzake walipanda; yeye hakupanda. Miili yao iliingia katika hatari ya mti kwa ajili yake, na wake haukuingia kwa ajili yao. Ni kweli kwamba wao walikuwa wauaji wa kukodiwa. Lakini tukumbuke ni nani aliyewakodi na kwa nini bei ilikuwa reale mia. Mfalme hakuwatuma askari wake wala wanawe wapande mikoma. Aliwatuma watu ambao maisha yao yalikuwa rahisi kuhatarishwa. Aidha, hadithi ya Steere inatuonyesha Liyongo aliyewaudhi watu wa mji, si mtetezi wao tu, na katika baadhi ya masimulizi ya Wapokomo hukumbukwa kama mtawala aliyetoza. Mkasa wa mkoma, ukitazamwa kutoka kwa wale waliopanda, ni mkasa wa wakubwa wawili wanaopigana bila hata mmoja wao kuondoa mguu ardhini. Dadu za Gygax zilimpa shujaa alama 50 na mkwezi alama tano. Mapokeo ya Tana yanasema jambo hilohilo kwa njia ya kweli zaidi: tofauti ya shujaa na mkwezi haimo katika kiasi cha madhara wanayopata wakianguka. Imo katika nani anayeweza kukataa kupanda.

6.0 Kisimani

Kanuni ya kuanguka inakamilika katika tukio la mwisho. Mwanawe, baada ya kuahidiwa makuu na mfalme, anamchoma baba yake kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo anaamka, anatwaa upinde na mishale yake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, na katika hali hiyo roho yake inatoka. Watu wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Hapana anayethubutu kuteka maji. Mama yake anatumwa kumsihi, naye hajibu. Hatimaye mwili unaanguka, na hapo ndipo wanapojua kwamba amekufa.

Mara nyingi tukio hili husomwa kama tamko la mwisho la nguvu za shujaa: hata maiti yake huzingira mji. Usomaji wetu unaongeza jambo. Tukio la kisimani ni tukio la mkoma lililopinduliwa. Chini ya mkoma watu walisimama karibu, wakiwa na silaha, wakimngoja mtu aliye hai aanguke ili afe. Kisimani watu wanasimama mbali, hawana la kufanya, wakimngoja mtu aliyekwisha kufa aanguke ili wapate kuishi. Katika tukio la kwanza kuanguka kulikusudiwa kuwa sababu ya kifo; katika la pili kumekuwa habari ya kifo. Na katika yote mawili kinachosubiriwa ni kilekile. Methali imetimia, ila si kama walivyoitaka wawindaji: aliye juu wamemngoja chini, lakini yeye hakuwa juu ya mti. Alikuwa amepiga goti ardhini. Kimo alichoanguka kutoka kwacho hakikufika mita moja.

Hapa ndipo mapokeo haya yanapotofautiana na kanuni zote za mezani, za asili na za barazani. Kwenye meza, madhara huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka. Mabishano ni juu ya kiwango cha ongezeko tu. Katika kisa cha Liyongo kuanguka kukubwa kuliko kote ni kule kufupi kuliko kote, kwa sababu hakupimwi kwa futi. Kunapimwa kwa idadi ya watu waliokuwa wakikosa maji mpaka kutokee. Kiswahili cha kila siku kinalijua jambo hili: tunaposema kwamba utawala umeanguka, hatumaanishi kwamba ulikuwa mtini. Tunamaanisha kwamba waliokuwa wakiuogopa sasa wanaweza kusogea kisimani.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumwita Liyongo shujaa asiyedhurika ni kuusoma utendi kwa upande wa sindano peke yake. Mkasa wa mkoma unatuambia kwamba kinga yake ilikuwa na mpaka, kwamba yeye mwenyewe aliujua mpaka huo, na kwamba aliulinda kwa kuisoma vyema kanuni ya kikoa na wala si kwa ugumu wa ngozi yake. Wakati huohuo mkasa huo unatuonyesha gharama ya ulinzi huo, ambayo ililipwa na waliopanda.

Matokeo ya hoja hii kwa uhakiki ni mawili. La kwanza ni kwamba tunapochambua mashujaa wa tendi zetu hatuna budi kuuliza, kwa kila mmoja, si tu ni kitu gani kinachoweza kumwua, bali pia ni hatari zipi za watu wa kawaida anazoruhusiwa kuziepuka na kwa kanuni gani. La pili ni kwamba vipengele vinavyoonekana kuwa vya mchezo, kama vile zamu, kikoa, mafumbo na dadu, vinastahili kuchunguzwa kama sheria. Ndani yake jamii huamua ni nani atakayepanda na nani atakayengoja. Mikoma ingali imesimama kati ya Garsen na Kipini, na wenye kuipanda ni walewale ambao tendi hazikuwataja majina. Utendi wa Liyongo umetupa jina la mtu mmoja aliyebaki chini. Kazi ya uhakiki ni kuwahesabu pia wale waliokwisha kupanda kabla zamu yake haijafika.